Kujinyonyoa nywele: nani wa kumwendea, na umwombe nini hasa

Mkono unapanda wenyewe wakati wa kusoma, kutazama simu au kusubiri usingizi. Vidole vinatafuta unywele mmoja mgumu au uliojikunja kuliko wenzake, vinauchezea, vinaung'oa. Madaktari huiita hali hii trikotilomania, jina alilolitoa daktari wa ngozi Mfaransa, François Henri Hallopeau, mwaka 1889. Si utundu wala si uchafu, na anayeambiwa "acha tu" kwa kawaida ameshajaribu kuacha mara nyingi. Mara nyingi huanza kati ya miaka 10 na 13, ndiyo maana wa kwanza kuiona huwa mama, msusi au mwalimu, si daktari.

Anza na daftari, siku 7

Usiende kwa mtaalamu mikono mitupu. Kwa wiki nzima, kila unaponyonyoa andika saa, mahali ulipokuwa, mkono uliotumia, sehemu (utosini, kisogoni, nyusi, kope), ulichokuwa unafanya na ulivyojisikia dakika chache kabla. Andika pia unywele ulipoishia: ulitupwa, ulipitishwa mdomoni, au ulimezwa. Zisizomezwa ziweke kwenye bahasha, kila siku bahasha yake, uzihesabu jioni. Jambo hilo linachukiza kidogo, lakini idadi haidanganyi kama kumbukumbu inavyodanganya.

Baada ya wiki utaona mambo mawili. Kuna kunyonyoa unakojua, unapokuwa na hasira au wasiwasi, na kuna kule ambako unashtukia nywele ziko mapajani. Kila kimoja kina dawa yake.

Kama unameza nywele na tumbo linauma, unatapika, unashiba haraka au unakonda, usisubiri wiki iishe. Nywele hazimeng'enywi, zinaweza kujikusanya tumboni zikawa donge ambalo mara nyingi hutolewa kwa upasuaji. Nenda hospitali, na useme wazi kwamba unameza nywele, kwa sababu hakuna daktari atakayebahatisha kuuliza.

Mlango wa kuingilia

Wengi huanzia kwa daktari wa ngozi, na si vibaya: mapunye na upara unaotokana na kusuka kwa kubana vinapaswa kuondolewa kwanza kwenye hesabu. Kosa hutokea pale mgonjwa anapoona aibu na kunyamaza. Daktari anaona kipara, anaandika dawa ya fangasi, na miezi inapita. Sema sentensi moja tu: "Nazing'oa mwenyewe, nashindwa kuacha, naomba rufaa kwa mwanasaikolojia tiba." Ukishindwa kuitamka, iandike kwenye karatasi umpe.

Huduma za afya ya akili zipo Muhimbili jijini Dar es Salaam, Mirembe mjini Dodoma, Mathari jijini Nairobi na Butabika jijini Kampala, na hospitali nyingi za rufaa zina kitengo chake. Mtoto asiye na mtu mzima wa kumwambia anaweza kupiga 116 bila malipo, Tanzania Bara na Kenya.

Swali la kumuuliza mtaalamu

Unasihi wa jumla, wa kuzungumza na kutiwa moyo, hupunguza upweke lakini peke yake mara chache hupunguza kunyonyoa. Uliza hivi: "Je, unafanya mafunzo ya kugeuza tabia?" Mbinu hii (kwa Kiingereza habit reversal training) ilielezwa na wanasaikolojia wa Marekani, Nathan Azrin na Gregory Nunn, mwaka 1973, na hadi leo ndiyo yenye ushahidi mzuri zaidi. Kama hajawahi kumtibu mtu mwenye hali hii lakini yuko tayari kuisoma, mkubali. Anayesema ni suala la imani tu, muage kwa heshima. Sala zako ziendelee. Hazigombani na tiba.

Mafunzo yenyewe huenda hivi. Kwanza unajizoeza kuushtukia mkono: unaupeleka kichwani polepole, unausimamisha kifuani, kisha shingoni, kisha sikioni, ukitaja kila hatua. Pili, mkono ukianza safari, unakunja ngumi bila kubana sana, unaiweka pajani na kuishikilia dakika 1. Hamu ikiwa bado ipo, unarudia. Tatu, unaharibu mazingira: plasta kwenye ncha za kidole gumba na cha shahada wakati wa kusoma, kilemba au kofia laini usiku, kibano na kioo kidogo vitoke chumbani.

Hushindikana kwa sababu zinazojulikana. Ngumi inakunjwa wakati unywele umeshashikwa, yaani umechelewa. Au mtu anachagua kitendo asichoweza kukifanya ndani ya daladala mbele za watu. Au siku kumi nzuri zinapita, plasta zinaachwa.

Kuhusu vidonge: dawa za sonona husaidia sonona na wasiwasi vinavyoandamana na hali hii, lakini hazijaonyesha nguvu kubwa dhidi ya kunyonyoa kwenyewe. Asetilisisteini, dawa inayojulikana zaidi kwa kulainisha makohozi, ilijaribiwa Marekani kwa watu wazima 50, miligramu 1,200 hadi 2,400 kwa siku kwa wiki 12, matokeo yakachapishwa 2009, na wengi wa walioitumia walipata nafuu. Kwa watoto, jaribio la baadaye halikuona faida. Hilo ni la kujadili na daktari, si la kujinunulia duka la dawa.

Mwenzako wa nyumbani

Chagua mtu mmoja, si ukoo mzima. Kubalianeni neno au ishara, kwa mfano kugonga meza mara mbili, isiyoeleweka kwa wageni. Kazi yake ni mbili: kugonga, na kukusifu akiona umekunja ngumi. Asikague kichwa, asihesabu vipara, asipige kelele "mkono!" mbele ya mashemeji. Aibu huongeza wasiwasi, na wasiwasi huurudisha mkono palepale. Mzazi anayemnyoa mtoto kama adhabu mara nyingine hugundua mwezi unaofuata kwamba nyusi nazo zimeanza kupungua.

Msusi naye aambiwe. Mwombe kiti cha pembeni na misuko isiyovuta; rasta nzito au gundi ya wigi juu ya ngozi iliyochoka huongeza kipara kile unachotaka kukificha.

Nywele huota takriban sentimita 1 kwa mwezi, na vile vinywele vipya vigumu ndivyo vidole huvipenda zaidi. Kwa hiyo mwezi wa pili tangu uache huwa na kishawishi kuliko wa kwanza: rudisha plasta, na uombe miadi ya karibu zaidi kabla bahasha hazijaanza kujaa tena.