Kuandaa siku ya katuni mtaani kwenu: asubuhi watu wanachora, mchana msanii anaongea

Matukio mengi ya katuni huku kwetu yanaanza na mgeni rasmi, bango, viti vya plastiki vimepangwa mistari na spika mbili kubwa, halafu msanii anaongea saa nzima watoto wanasinzia huko nyuma, mwisho picha ya pamoja na soda, kwisha habari. Mi nasema geuza. Watu wachore kwanza, msanii aongee baadaye, na kila mtu aondoke na kijitabu alichochora mwenyewe. Mtu akishahangaika na kalamu masaa mawili, yaani ameona mkono unavyokataa kukunja vidole, akikaa mbele ya mchoraji anauliza vitu vya maana kabisa, sio yale ya "ulianza lini kuchora" tu.

Naandika kwa mazingira ya Dar sababu ndio napajua, ila ukiwa Tanga, Mwanza au Mombasa unabadilisha kidogo tu inakwenda.

Tuanze na sehemu. Dar kuna kumbi zilizozoea mambo haya, kama Nafasi Art Space kule Mikocheni ambako wasanii wana studio zao kwenye makontena, Soma Book Café ambao ni watu wa vitabu na mazungumzo ya waandishi, na Alliance Française na Goethe-Institut pale Upanga. Kabla hujaandaa lolote nenda kahudhurie tukio lao hata moja, kaa nyuma, angalia saa ngapi watu wanaanza kushika simu. Lakini kwa siku ya kwanza we usihangaike na ukumbi wa mjini, tafuta darasa la shule ya msingi siku ya Jumamosi. Madawati yapo, ubao upo, mwanga wa dirishani upo, na watoto wanakuja kwa miguu hawahitaji nauli. Katuni inataka meza jamani, ukumbi wenye viti vitupu hata uwe na AC hautakusaidia, watu wataishia kuchorea mapajani.

Barua inaenda kwa mwalimu mkuu, na ofisi ya serikali ya mtaa waambie mapema ili mtu asije kuuliza huu mkusanyiko wa nini. Kama unataka kutoza kiingilio au kuweka muziki, hapo pitia kwanza kwa afisa utamaduni wa manispaa akwambie kibali gani kinahitajika. Usisubiri siku mbili kabla.

Idadi: watu 25 basi. Ukizidisha hapo unahitaji msaidizi mwingine anayejua kuchora, sababu kazi kubwa ya warsha sio kufundisha mbele, ni kuzunguka dawati kwa dawati unainama.

Vifaa ni vya steshenari ya kawaida, usidanganywe na mtu anayekwambia ununue kalamu za wachoraji za bei mbaya. Rimu moja ya karatasi A4 ina karatasi 500, inatosha na inabaki. Penseli za HB, kalamu nyeusi za mpira, maka peni nyeusi mbili tatu za kuzungushana kwa ajili ya kujazia sehemu nyeusi, mikasi, kamba ya kuanikia nguo na vibanio vyake kwa ajili ya kutundika kazi. Kalamu lazima iwe nyeusi, wino wa bluu mashine ya kopi unautoa umefifia na penseli ndio kabisa, unapata karatasi ya kijivukijivu. Raba usinunue. Watakaokuja nazo kusanya mlangoni weka kwenye kopo, watanung'unika lakini utanishukuru, mtoto mwenye raba anaweza kumaliza nusu saa kwenye pua moja, anafuta anarudia anafuta mpaka karatasi inatoboka.

Zoezi la kwanza liwe la kuvunja woga. Kila mtu achore duara sita, kwenye kila duara aweke macho yaleyale, nukta mbili tu, halafu abadilishe nyusi na mdomo basi. Nyusi zikishuka katikati mtu kakasirika, zikipanda katikati ana huzuni au anaogopa, moja juu moja chini huyo hakuamini unachosema. Dakika kumi tu na darasa zima lishajua kwamba hisia haziko kwenye kuchora vizuri, na wale waliokuja wanasema "mi sijui kuchora" wanakuwa wameshachora watu sita.

La pili ni katuni ya kupokezana. Karatasi inagawanywa vyumba vinne, kila mtu anachora chumba cha kwanza kwa dakika nne, anampa wa kulia kwake anayeendeleza bila kuuliza, hivyohivyo mpaka vyumba viishe. Weka sheria moja kabla hawajaanza: ni marufuku kumuua mhusika. Bila hiyo sheria nakuhakikishia kwenye chumba cha pili kila mhusika anagongwa na daladala na hadithi imeishia hapo, wa tatu na wa nne hawana cha kufanya. Ukiwakataza kuua ndio wanaanza kufikiria, konda anagoma kurudisha chenji, mama anafungua begi la shule anakuta paka, vitu kama hivyo. Zisome moja moja kwa sauti mbele, kicheko cha hapo ndio kinabeba siku nzima.

Sasa kijitabu, hapa nenda taratibu maana ndio roho ya siku. Chukua A4, ikunje katikati, tena katikati, tena katikati, ukiifungua una vyumba 8. Ikunje tena mara moja kwa upana, ile kwamba pande fupi mbili zinakutana, halafu kata kwa mkasi kuanzia pale kwenye mkunjo, ukifuata mstari wa katikati, simama ukifika kwenye mkunjo unaokatiza. Fungua, utaona karatasi nzima ina mpasuko katikati tu, kingo hazijakatwa. Ikunje sasa kwa urefu, shika ncha mbili sukuma kuelekea ndani, mpasuko unafunguka kama mdomo, endelea kusukuma mpaka zikutane kisha kunja kurasa zizungukiane, una kitabu cha kurasa 8 hakuna gundi wala stepla. Wanafunzi wakate kwa pamoja na wewe, hatua kwa hatua, inua karatasi yako juu waione. Kuna mtu atakata mpaka mwisho apate vipande viwili, mpe karatasi nyingine maisha yaendelee.

Kabla hawajachora waandike namba za kurasa kwa penseli pembeni, 1 mpaka 8, wakati kitabu kimekunjwa. Halafu wafungue. Watashangaa kurasa nne zimekaa kichwa chini, hapo waambie wazungushe karatasi kufuata namba ilivyosimama, wasichore upande mmoja wote. Ukurasa wa 1 ni jalada, wa 8 ni jina la mchoraji na mwaka, hadithi inabaki na kurasa sita, picha moja kila ukurasa, inatosha sana. Na waache nafasi kama nusu sentimita kuzunguka karatasi nzima sababu mashine za kopi zinakula kingo.

Kuhusu maneno ni kitu kimoja tu nasisitiza: andika maneno kwanza, ndio uzungushie kiputo, yaani lile duara la maneno ya mhusika. Wakianza na kiputo maneno hayaenei, herufi za mwisho zinakuwa kama sisimizi. Anayeanza kuongea akae kushoto.

Wakimaliza, karatasi zote zinakwenda steshenari ya jirani kutolewa kopi, na kwa vile kila kitabu ni upande mmoja wa A4 moja, gharama ni ndogo. Watu 25 kila mmoja kopi tano ni kopi 125, kwa bei ya shilingi 100 ni 12,500. Ongea na mwenye mashine jana yake, mwambie ni kazi nyingi mchana wa saa sita, maana umeme ukikatika na yeye hana jenereta umekwama. Wakati mmoja wenu yuko kwenye kopi wengine wanakula, mwambie mama ntilie mapema idadi ya sahani.

Mchana ndio msanii. Usimkimbilie mwenye jina kubwa, mchoraji wa gazeti au wa vitabu vya watoto wa pale mjini kwenu anatosha kabisa na mara nyingi hakuna aliyewahi kumwita. Ila mlipe. Hata kama kidogo, sema kiasi kwenye simu ya kwanza kabisa pamoja na nauli, haya mambo ya "tutakupa eksposha" yaishe, mtu anaacha meza yake ya kazi siku nzima. Kama hela hamna kabisa mwambie wazi aamue mwenyewe.

Mwombe aje na karatasi za kazi zenyewe, sio slaidi. Kurasa zenye penseli, zilizokataliwa na mhariri, zenye wino mweupe wa kufichia makosa, zipite mkono kwa mkono (mikono ioshwe kwanza, wamekula wali). Projekta ikigoma hutapoteza kitu. Akae kwenye dawati katikati yao, aongee dakika 20 tu, halafu achore kitu kimoja hapohapo kutoka mwanzo mpaka mwisho huku anasimulia anachokifanya. Maswali waandike wakati wa chakula kwenye vikaratasi, utapata yale ya wenye aibu. Mengi yatakuwa ya kazi: unaanza na maneno au picha, ukichora kiongozi unapataje sura yake, mwanasiasa akikasirika inakuwaje, unalipwa kwa picha au kwa mwezi. Hilo la malipo usiliruke, wazazi waliosimama mlangoni wanalisubiri wao.

Na tenga meza moja ya magazeti ya zamani. Ulizia wazee mtaani, kuna mtu ana Sani, lile jarida la katuni, za miaka hiyo chini ya kitanda. Watoto hawajui kwamba Chakubanga, mhusika wa katuni aliyechorwa na Christian Gregory, alikuwa anachekesha watu kwenye gazeti la Uhuru tangu miaka ya 60, au kwamba mchora katuni Gado anayejulikana sana Kenya alizaliwa hapahapa Dar mwaka 1969 na akaanza kazi gazeti la Nation la huko 1992, wenyewe wanamjua mchoraji Kipanya basi. Wakishika gazeti lenyewe wanaona wino, wanaona jinsi vyumba vilivyobanwa ili hadithi ienee, hilo somo hulihubiri, wanaliona.

Picha za watoto usirushe mtandaoni bila kuongea na wazazi, na kazi ya mtu ni ya mtu, ukitaka kuitumia kwenye bango la mwakani muombe mwenyewe.

Mwisho ni kubadilishana: kila mtu abaki na kopi moja, tatu abadilishane na wenzake, ya tano akupe wewe, ila ile karatasi halisi asiitoe. Hizo za tano ni seti moja kamili, iachie maktaba ya shule au kabati la mwalimu wa sanaa. Tarehe inayofuata itaje wakati wanabadilishana bado, wakishashika mabegi hakuna anayekusikiliza.