Kuokoa filamu iliyobaki kwenye mkanda wa VHS

Kabla ya kutia mkanda kwenye deki (mashine ya kuchezea mikanda ya VHS), utazame kupitia kidirisha chake. Unga mweupe kwenye kingo za utepe ni kuvu: usiucheze mkanda huo, utachafua deki na kuambukiza mikanda mingine.

Mkanda ukiwa safi, vunja kile kijipande cha plastiki mgongoni ili deki isirekodi juu ya filamu. Kisha upeleke mbele hadi mwisho na uurudishe wote, maana utepe uliolala miaka mingi hushikana.

Picha ikijaa chenga, rekebisha treki kwanza, yaani kidhibiti cha deki cha kulinganisha usomaji wa utepe. Chenga zikibaki, huenda vichwa vinavyosoma utepe ni vichafu. Chomoa umeme, fungua kifuniko cha deki, lowanisha ngozi laini kwa spiriti ya isopropili ya 99%, ishikilie bila kuisogeza kwenye ngoma (silinda inayobeba vichwa), kisha zungusha ngoma taratibu kwa mkono. Usisugue juu-chini, vichwa huvunjika. Vijiti vya pamba vya masikio viache kabisa. Nyuzi zake hunasa.

Unganisha deki na kompyuta kwa kifaa cha USB cha kunasa video. Mikanda ya PAL, mfumo wa picha za TV za analogi uliotumika Tanzania na Kenya, inase kwa pikseli 720×576, fremu 25 kwa sekunde. Kwa megabiti 8 kwa sekunde, E-180 (mkanda wa dakika 180) iliyojaa hula takriban GB 11.