Kuandaa sakafu ya skridi yenye mabomba ya joto kabla ya kubandika vigae vya poseleni

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumwelekeza kijana mmoja wa kazi. Mwenye nyumba alikuwa anamharakisha abandike vigae kwa kuwa sakafu ilishakauka. Juu ilikuwa imekauka kweli, nyeupe kabisa. Chini ilikuwa bado mbichi.

Elewa kwanza kinachotokea humo ndani. Skridi ya saruji (tabaka la saruji na mchanga linalofunika mabomba) hutanuka karibu milimita 0.012 kwa kila mita, kwa kila nyuzi moja ya joto inayopanda. Sakafu ya mita 8 ikipanda nyuzi 20 imeshasogea karibu milimita 2, na kigae cha poseleni kilicho juu yake hutanuka karibu nusu tu ya hapo. Tofauti hiyo inabebwa na gundi peke yake. Unyevu ukiwa bado umebaki chini, ndipo vigae vinapoanza kutoa sauti ya utupu ukivigonga.

Hatua ya 1: Jua skridi ni ya aina gani

Ya saruji na mchanga, au ya anhidriti, yaani inayoshikwa na kalsiamu salfeti (jamii ya jasi) badala ya saruji. Muulize aliyeimwaga, usikisie kwa rangi.

Hatua ya 2: Washa joto kabla ya kigae chochote

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia, kwa hiyo soma polepole.

Skridi ya saruji isubiri angalau siku 21 tangu imwagwe, ya anhidriti angalau siku 7, au zaidi kama mtengenezaji anasema hivyo. Kisha washa, maji yaingie mabombani yakiwa nyuzi 20 hadi 25, na yakae hapo siku 3. Baada ya hapo panda taratibu, mimi hupandisha nyuzi 5 kwa siku, hadi ufikie joto la juu kabisa ambalo mfumo umepangiwa. Likae hapo angalau siku 4, usiku na mchana. Usikubali mtu azime usiku ili kuokoa gharama, maana sakafu inayopoa na kupata moto kila siku inavutana yenyewe kwa yenyewe. Ukimaliza, shusha taratibu vilevile.

Fungua madirisha unyevu utoke, lakini upepo mkali usipige sakafu moja kwa moja. Usirundike mifuko ya gundi wala maboksi ya vigae juu yake, kwa sababu palipofunikwa hapakauki. Andika kila siku joto la maji na tarehe. Karatasi hiyo itakutetea siku mtu akisema hukupasha.

Nyufa nyembamba zikijitokeza wakati huu, usiogope. Afadhali zionekane sasa kuliko zipasue kigae baadaye.

Na jambo ambalo hata mafundi wazoefu hulichanganya: upashaji huu unathibitisha kwamba mfumo na skridi vinastahimili joto. Hauthibitishi kwamba skridi imekauka. Mara nyingi itabidi uendelee kuwasha baada ya siku hizo.

Hatua ya 3: Pima unyevu, usihesabu kalenda

Ile kanuni kwamba skridi hukauka milimita 1 ya unene kwa siku inafaa kupangia ratiba tu, tena kwa milimita 50 za mwanzo. Unene unaozidi hapo hukauka taratibu zaidi. Vile vipimo vya umeme vya kugusisha juu navitumia kutafuta sehemu yenye unyevu zaidi, basi. Uamuzi naufanya kwa kipimo cha kabaidi.

Chukua tindo, chimba hadi nusu ya chini ya skridi, kwa sababu juu hukudanganya. Ponda vipande, pima uzito, tia kwenye chupa ya chuma pamoja na gololi na kichupa cha kabaidi. Funga, tikisa kwa nguvu hadi usikie kioo kimevunjika na gololi zinasaga, kisha subiri mshale wa geji utulie. Unyevu ukikutana na kabaidi hutoa gesi, na shinikizo lake ndilo linalosomeka. Kwa sakafu yenye joto mimi sibandiki juu ya asilimia 1.8 kwa saruji, wala juu ya 0.3 kwa anhidriti.

Kabla hujachimba, hakikisha hakuna bomba chini yake. Sehemu za kupimia zinatakiwa kuwekewa alama siku mabomba yanapolazwa. Kama hazipo, tumia kamera ya joto mfumo ukiwa unawaka. Bomba likitobolewa, kazi inarudi mwanzo.

Hatua ya 4: Uso wa sakafu

Shusha joto kwanza. Jaza nyufa kwa epoksi. Anhidriti isagwe kwa msasa wa mashine hadi utando wa juu uishe, kisha fyonza vumbi. Maji usimwage. Weka rula ya mita 2: mwanya chini yake usizidi milimita 3.

Hatua ya 5: Mianya ya kutanukia

Mwanya wa kutanukia ulio kwenye skridi lazima upande hadi kwenye vigae, mahali palepale. Usiufunike kwa kigae hata kama unaharibu mpangilio. Badala yake panga vigae kuufuata. Milangoni uwepo, na eneo moja lisizidi mita za mraba 40 wala upande wake mita 8.

Hatua ya 6: Praima na gundi

Kwa anhidriti praima, yaani kimiminika kinachopakwa kwanza kuziba uso, si hiari: gundi ya saruji ikigusana nayo penye unyevu, hujengeka chumvi zinazovimba na kuibandua. Poseleni hunyonya maji kwa asilimia 0.5 au chini ya hapo, kwa hiyo gundi ya kawaida haiishiki. Nunua iliyoandikwa C2 S1, yaani gundi ya saruji iliyoboreshwa na inayoweza kupinda kidogo. Mimi huongeza mkeka wa kutenganisha vigae na skridi chini ya vigae vikubwa, hata pale ambapo wengine wangeuacha.

Bandika sakafu ikiwa imepoa, paka gundi na mgongoni mwa kigae, pasibaki utupu. Baada ya grauti (saruji ya kujaza mianya kati ya vigae) subiri angalau siku 7, kisha washa kwa kupanda nyuzi 5 kwa siku. Utepe wa ukutani, ule laini uliowekwa kati ya sakafu na ukuta kabla ya kumwaga skridi, ukate baada ya grauti kukauka, si kabla, maana gundi na grauti zikidondokea kwenye upenyo huo zinaifunga sakafu na ukuta. Kisha jaza silikoni.