Pora au tembe? Tazama manyoya ya mgongoni

Wakitaka kujua kama kuku mchanga ni pora (dume) au tembe (jike), wengi hukimbilia kutazama upanga wa kichwani, na hapo ndipo tembe wazuri huuzwa kwa kudhaniwa ni majogoo. Upanga hudanganya. Leghorn jike huota upanga mkubwa mapema, na kuku wa baadhi ya mbegu huchelewa, pora kwa tembe.

Subiri wafike wiki 12 hivi. Mshike kuku mchana, jua likiwa zuri, umfunue manyoya ya mgongoni, pale karibu na mkia. Pora huota manyoya membamba yenye ncha kali, yanayong'aa na kuning'inia pembeni. Ya tembe yana ncha ya mviringo. Shingoni ni vivyo hivyo, ila mimi huamini zaidi ya karibu na mkia. Mbegu ya Sebright itakuvuruga, maana jogoo wake ana manyoya ya mviringo kama jike. Silkie naye ni laini mwili mzima, kwa hiyo mvumilie mpaka awike au atage.

Ile njia ya kupima urefu wa manyoya ya bawa kwa kifaranga wa siku moja hufanya kazi kwa wale tu waliozalishwa kwa mpango huo. Kwa kuku mchanganyiko iache kabisa.

Kuhusu kutambua mbegu ya kuku, rangi isikupeleke haraka, hesabu vidole. Kuku wengi wana vinne kila mguu, lakini Silkie, Dorking na Faverolles wana vitano.