Mati ya dereva isitembee: vile unaweka na kufunga mati za raba za gari

Mvua ikianza huku Kisumu kila mtu anakumbuka mati za raba, na ni haki yake, maana ukitoka Ahero na lile tope jeusi la Kano limeshika kiatu kama simiti, kapeti ya gari imeisha. Shida ni vile tunaziweka. Unanunua, unatupa ndani, unawasha gari unaenda. Mimi nilikuwa hivyo mpaka siku moja nikishuka Riat kutoka Kiboswa, gari imetoka kuoshwa asubuhi hiyo hiyo, nikakanyaga mafuta nipite lori, kutoa mguu gari bado inavuta tu na mbele kuna matatu inashukisha watu. Nilikanyaga breki na nguvu zangu zote, nikasukuma giya kwa N, yaani nyutro, injini ikalia vibaya, nikatoka kando ya barabara. Kuinama hivi nakuta mati imepanda mbele na pedali ya mafuta imenaswa kwa ukingo wake. Kijana wa kuosha aliirudisha juu ya ile mati ya kitambaa na hakufunga klipu, na mimi mwenye gari sikuangalia.

Usidhani ni mambo ya magari mazee ya huku. Agosti 2009 kule California, Lexus ES 350 ambayo mteja alikuwa ameazimwa ilikuwa imewekewa mati ya raba ya Lexus RX, gari ingine kabisa, pedali ikanaswa na watu 4 wakafa. Mwezi uliofuata Toyota ikaambia wenye magari kama milioni 3.8 Marekani watoe mati ya dereva kwanza.

Kwa hivyo anza kwa kutoa kila kitu. Sukuma kiti cha dereva nyuma mpaka mwisho, toa mati ya zamani, usiache hata moja ati itasaidia kuzuia maji, kwa sababu raba juu ya kitambaa inateleza, na zikiwa mbili pia pedali inabaki na nafasi ndogo chini yake. Fagia mawe na mchanga, papasa kapeti na mkono, na kama iko na unyevu acha milango wazi ikauke kabisa, la sivyo maji yatalala chini ya raba, gari inuke kama soksi ya wiki mbili na bodi ianze kuoza na kutu pole pole.

Kama mati mpya zilikuwa zimekunjwa, zianike juani zilainike zinyooke kabla hujaziingiza. Mati yenye kona imejikunja juu ndio hiyo hiyo itashika pedali.

Sasa klipu. Pitisha vidole kwa kapeti karibu na pale kisigino kinakaa, magari mengi ya Japani yako na kulabu moja au mbili hapo upande wa dereva, zingine zimefunikwa na vumbi mpaka mwenyewe hajawahi jua ziko. Mati ya saizi ya gari yako iko na matundu yanayolingana nazo. Lala mati, tundu liingie kwa kulabu, kama ni ile ya kuzungushwa zungusha mpaka ikaze, alafu vuta mati kuelekea kwa pedali kama mtu anang'oa muhogo. Ikisonga, rudia. Na ukinunua uliza mati ya modeli na mwaka wa gari yako, na iwe ya stering ya kulia, maana huko mtandaoni kuna nyingi zimekatiwa gari za stering ya kushoto na hapo hata matundu hayatakutana na kulabu.

Gari haina kulabu? Kuna klipu za kununua zinaingia kwa kapeti, na kuna velkro, ule upande wa kukwaruza unabandikwa chini ya mati unashika manyoya ya kapeti. Velkro pekee mimi siiamini kwa dereva, ikishika vumbi inalegea. Na tafadhali usitoboe sakafu na drili uweke skrubu, chini ya kapeti kuna waya na huwezi jua unatoboa nini. Mati za saizi zote zile zenye mistari ya kukatia, kata kidogo kidogo, upime kila mara, raba ukishakata hairudi. Yale meno madogo ya upande mmoja wa mati yanakaa chini, si juu, hata kama unaona upande ule mwingine ndio unapendeza.

Ukimaliza, injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedali ya mafuta mpaka chini kabisa uachilie. Irudi yenyewe haraka bila kugusa kitu. Fanya hivyo kwa breki, na klachi kama iko. Alafu sukuma mati mbele na kisigino vile hufanya ukishuka, urudie tena. Rudisha kiti mahali pake ndio uendeshe.

Za abiria na za nyuma hazina maneno mengi, zikae flati tu, zisiingie kwa reli za kiti.

Na ikikunasa barabarani, usiiname kuvuta mati gari ikienda. Kanyaga breki mara moja kwa nguvu na ushikilie, usipigepige, kwa sababu injini ikivuta hivyo breki inapoteza usaidizi wake haraka na pedali inakuwa ngumu. Weka N, acha injini ilie, sogea kando, ndio uzime. Ukizima mapema stering inakuwa nzito, na ukichomoa funguo inaweza kujifunga kabisa.

Kuosha ni maji, brashi na sabuni ya kawaida, basi. Wasee wa kawoshi wanapenda kupaka ile polishi ya tairi ndio raba ing'ae, kataa, inafanya kiatu kiteleze kutoka kwa pedali. Mimi siku hizi nikichukua gari nasukuma kiti nyuma mbele yao, natafuta zile kulabu na vidole, nakanyaga mafuta mara mbili gari ikiwa imezimwa, ndio nalipa.