Anayetaka kuongeza matiti aanze na mchele

Wanawake wanakuja kwangu baada ya sala ya alasiri, mmoja mmoja, na kila mmoja huanza kwa kuniuliza khabari za miguu yangu. Tukishamaliza miguu na wajukuu, sauti hushuka: "Bi mkubwa, nasikia ulikuwa ukifanya kazi na daktari wa matiti." Nilifanya, mwanangu. Mimi ni mtu wa Wete, Pemba, nimeolewa Kikwajuni, Unguja, na kwa miaka 11 nilikuwa muuguzi kwenye kliniki moja ya upasuaji wa plastiki Dar es Salaam. Daktari alikuwa mwanamme, na hakuna mwanamke aliyevua kifua mbele yake bila ya mimi kuwamo chumbani. Kwenye kiti kile cha pembeni ndipo nilipojifunza namna daktari mwenye amana anavyompokea mwanamke. Nakuandikia ili umtambue wa aina hiyo kabla hujakata tiketi ya boti, au ya ndege ya India au Uturuki.

Lakini anza kwako, chumbani, na mchele.

Chukua soksi ndefu za kike, zile nyembamba, ukate kipande cha chini. Tia mchele mkavu kwa kikombe cha kupimia chenye alama za mililita: 250 upande huu, 250 upande huu. Funga fundo, bapaza kwa kiganja mpaka uwe kama andazi lililofinywa, kisha weka ndani ya sidiria inayobana. Vaa dera juu yake na ukae hivyo siku nzima. Kuna nazi, fua, panda ngazi, inama kufagia uwani, sali. Kesho yake jaribu 300, keshokutwa 350. Mifuko ya silikoni, ile anayoitia daktari ndani ya titi ili likue, hupimwa kwa ujazo huo huo, na mfuko wa mililita 300 una uzito wa karibu gramu 300. Miwili ni zaidi ya nusu kilo kifuani, usiku na mchana. Mchele ni mwepesi kidogo kuliko silikoni, kwa hiyo unaouhisi leo ndio uzito mdogo.

Binti mmoja wa Chukwani alinijia na picha kwenye simu, anataka 450. Nilimfungia mchele mimi mwenyewe. Adhuhuri akarudi, mkono mmoja ameshika shingo nyuma, pale mkanda wa sidiria ulipokuwa umemkata. Hakuniambia kitu. Alifungua fundo, akamimina mchele kwenye ungo, akapima upya 275.

Jambo la pili ni kioo. Simama wima bila nguo ya juu, mikono ikianguka yenyewe, uweke rula kwenye mkunjo wa chini ya titi. Tazama chuchu iko wapi. Ikiwa juu ya rula, mazungumzo ya kuongeza yana maana. Ikiwa imeshuka chini ya rula, mwenzangu, lililokupata ni kuanguka kwa titi, na mfuko peke yake hauponyi hilo, unalizidishia mzigo. Hapo panahitajika operesheni ya kunyanyua, na ina makovu yake: kuzunguka duara la chuchu na kushuka wima mpaka mkunjoni. Akina mama wengi waliokuja kwetu baada ya kunyonyesha watoto watatu au wanne walisema "kuongeza", na kumbe walichokitaka ni kurudishiwa titi mahali pake. Ukiyajua haya mapema, utamtambua daktari anayekuuzia mfuko usiokufaa.

Sasa mlangoni kwa daktari. Daktari wetu hakuwa akianza na saizi. Alikuwa akiuliza, "Nini kinakusumbua, na tangu lini?" kisha ananyamaza. Akitoka hapo humsimamisha mgonjwa mbele ya kioo na kumwambia aoneshe kwa kidole chake mwenyewe. Nimeona wanawake wakionesha titi moja dogo kuliko jengine, wengine wakaonesha tumbo, na mmoja alionesha uso wake akalia. Yule hakupangiwa upasuaji. Alipelekwa kwa mtaalamu wa afya ya akili, na nashukuru kwa hilo mpaka leo.

Kuna siku walikuja mke na mume. Kila swali likiulizwa, mume ndiye anayejibu. Daktari akamwomba kwa adabu atusubiri nje. Mlango ulipofungwa, yule bibi aliishika ncha ya mtandio akawa anaizungusha kidoleni, akaizungusha, halafu akasema: "Mimi sitaki. Yeye anasema akioa mwengine nisilaumu." Daktari alifunga faili na kuandika kwamba kwa sababu za kitabibu operesheni haifai kwa sasa. Nilimsindikiza mpaka kwenye ngazi. Ikiwa umeletwa kwa vitisho, omba kuonana na daktari peke yako. Ni haki yako, na daktari asiyekupa nafasi hiyo usimpe mwili wako.

Na haki nyengine: awepo mwanamke chumbani, na kifua kifunuliwe kwa muda wa kupimwa tu. Beba kanga yako. Picha atapiga, maana anahitaji kulinganisha kabla na baada, lakini zisioneshe uso, na utie saini ikiwa unakubali zitumike kwa jambo lolote nje ya faili lako. Uliza hilo waziwazi. Mji wetu mdogo.

Suala la dini msimwulize daktari. Wanazuoni wengi hutofautisha baina ya kuondoa kasoro, kama titi lililokatwa kwa saratani, na kutafuta urembo tu. Kaa na shekhe unayemwamini, umweleze hali yako ilivyo.

Katika maswali ya afya, usifiche kitu. Atakuuliza kama mama, dada au khalati yako aliwahi kuugua saratani ya matiti, na ikiwa umefika miaka 40 atataka mamografia kwanza, yaani picha ya eksirei ya matiti. Atakuuliza sigara na shisha, kwa sababu moshi hubana mishipa na kidonda hakiponi. Uache wiki 4 kabla na wiki 4 baada. Mwambie kila unachokunywa: aspirini, vidonge vya uzazi wa mpango, habasoda, vitunguu thaumu vya kumeza, dawa ya kuchemsha uliyopewa na bibi. Vipo vinavyofanya damu iwe nyepesi, na wewe ukiona ni chakula tu husemi. Damu itapimwa wingi wake. Mwenye selimundu, yaani siko seli, aseme mapema kabisa, kabla hata hajavua viatu, maana dawa ya usingizi kwake ina matayarisho ya peke yake.

Daktari wetu alikuwa na desturi ya kugeuza masikio ya mgonjwa na kutazama nyuma ya matobo ya herini, kisha hutazama kovu la chanjo begani. Anatafuta kovu lililofura, linaloota na kupita mpaka wa jeraha. Sisi watu weusi tunalo sana, na anayelipata sikioni anaweza kulipata chini ya titi. Jitazame mwenyewe kabla hujenda.

Kunyonyesha kunataka maelezo marefu kidogo. Kwetu mtoto hunyonya miaka miwili kamili, kama ilivyotajwa katika Suratul Baqara, aya ya 233. Titi linalotoa maziwa halipimiki, umbo lake bado linabadilika. Baada ya kumwachisha mtoto, subiri angalau miezi 3, na 6 ni bora. Wengi wenye mifuko hunyonyesha vizuri, lakini wapo wanaopungukiwa na maziwa, khasa pale kisu kilipopita kwenye duara la chuchu. Chuchu inaweza pia kupoteza hisia, na kwa baadhi hazirudi. Kama bado unatamani watoto wawili watatu, rai yangu ni moja tu: zaa kwanza. Na wewe wa miaka 18 au 19 unayesoma haya usiku chini ya shuka, Marekani yenyewe mifuko ya silikoni kwa ajili ya kuongeza haikuidhinishwa chini ya miaka 22. Mwili wako haujamaliza kazi yake.

Vipimo vyenyewe hufanywa kwa utepe kama wa fundi cherehani. Kutoka kwenye kishimo cha koo mpaka chuchu, kila upande. Upana wa kitako cha titi kwa sentimita. Kutoka chuchu mpaka mkunjo, ngozi ikiwa imevutwa. Kisha hufinya nyama ya sehemu ya juu ya titi kwa vidole viwili na kupima unene wake. Upana ndio unaoamua ukubwa: mfuko mpana kuliko kitako cha titi utatokeza kwapani au matiti yatagusana katikati. Unene ndio unaoamua mahali: ukiwa chini ya sentimita 2, kwa kawaida mfuko huwekwa chini ya msuli wa kifua ili ukingo wake usionekane. Mkato mara nyingi hupita kwenye mkunjo wa chini, pahala ambapo kovu hujificha. Daktari aliyekutajia saizi bila ya kushika utepe, nyanyua mkoba wako.

Uliza ni mfuko gani, umetengenezwa na nani, una uso laini au wa kukwaruza. Mifuko ya silikoni ilianza kuwekwa Houston, Marekani, mwaka 1962, na tangu hapo imewahi kuleta madhara makubwa. Mwaka 2010 iligundulika kuwa kampuni ya Ufaransa, Poly Implant Prothèse, ilikuwa ikijaza mifuko yake silikoni ya viwandani, na ilikuwa imeshauzwa nchi nyingi. Mwaka 2019 Allergan iliiondoa sokoni duniani kote mifuko yake ya kukwaruza ya Biocell, kwa sababu ya saratani adimu ya chembe za kinga inayoota kwenye utando unaouzunguka mfuko. Mwili wa kila mtu hujenga utando huo. Kwa baadhi hukaza, titi likawa gumu kama embe bichi na likauma, na hapo hapana dawa ila kufungua tena.

Kwa hiyo jua kuwa operesheni hii haiishi siku ile. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, inasema hadi mwanamke 1 kati ya 5 walioongeza matiti hulazimika kuitoa mifuko ndani ya miaka 8 hadi 10. Mfuko wa silikoni unaweza kupasuka bila ya wewe kuhisi lolote, ndiyo maana wanashauri altrasaundi au MRI, picha ya mashine ya sumaku, kuanzia mwaka wa 5 au wa 6, kisha kila miaka 2 au 3. Ukiulizia bei, ulizia na ya kurudi: nani atalipa mfuko ukipasuka, na kwa fedha gani. Kama huna akiba ya operesheni ya pili, huna bado fedha ya ile ya kwanza.

Daktari wetu hakupanga tarehe siku ya kwanza hata mgonjwa alie. "Nenda nyumbani, rudi baada ya wiki mbili na maswali yaliyoandikwa." Wasiorudi aliwaombea kheri.

Wanaokudunga sindano ya silikoni ya maji chumbani mwao, au kukuuzia krimu ya kukuza, wakimbie. Silikoni ya maji haina mfuko wa kuizuia. Hutambaa, hufanya mabonge, na ikiingia kwenye mshipa inaweza kuua. Nimemwosha kidonda mwanamke aliyedungwa hivyo na fundi wa saluni. Miezi minne usaha ulikuwa unatoka. Daktari wa kweli ana usajili, huku kwenye Baraza la Madaktari Zanzibar na bara kwenye Baraza la Madaktari Tanganyika, na haoni haya kukuonesha.

Ukishafanyiwa, matayarisho ya nyumbani ndiyo yanayosahauliwa. Dera la kuingilia kichwani weka kando, huwezi kunyanyua mikono. Tafuta mashati ya vifungo mbele na kanga za kutosha. Sali umekaa kwenye kiti. Wiki 6 usibebe ndoo, usikae kwenye mbuzi ya nazi, usimnyanyue mtoto. Mtafute wa kukusaidia kabla hujaondoka, na si lazima umwambie operesheni gani. Lala chali, mito miwili mgongoni. Baharini usiingie mpaka kidonda kifunge na daktari akuruhusu. Usipande boti siku ya pili ukiwahi kurudi: kaskazi ikivuma utatapika njia nzima, na kutapika hukaza kifua chenye nyuzi mbichi. Kaa karibu na daktari wako angalau wiki moja, huku ukitembea chumbani kila saa ili damu isigande miguuni. Titi moja likifura ghafla kuliko jengine, au homa ikapanda, au shavu la mguu likauma, au pumzi ikawa fupi, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Na kadi. Utapewa kadi ndogo yenye jina la mtengenezaji, ujazo na namba ya mfuko. Ipige picha, na yenyewe uitie pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Mama mmoja alikuja kwetu mwaka wa tisa, titi limemfura, hakujua amewekewa nini wala na kampuni gani, na kliniki aliyofanyiwa nje ya nchi ilikuwa haipokei simu tena. Tulijua namba siku tulipomfungua.