Kilimanjaro imezama mita ngapi? Somo la mfululizo wa Taylor

Asubuhi isiyo na mawingu, ukisimama Arusha mahali palipo wazi upande wa mashariki, kilele cha Kibo unakiona. Kutoka ulipo hadi pale ni kama kilomita 80 za angani. Dunia ni tufe, kwa hiyo kitako cha mlima kimezama chini ya upeo wako. Kiasi gani? Wanafunzi wangu wa tuisheni hukimbilia kikokotoo. Leo tushike kalamu.

Hatua ya 1. Nusu kipenyo cha dunia, R, ni kilomita 6,371. Pembe iliyoko katikati ya dunia ni t = 80/6371 = 0.012557. Ardhi ya kule imeshuka kwa R(1 − cos t).

Hatua ya 2. Tunatafuta polinomia, yaani jumla ya vipande vya t, t², t³ na kuendelea, inayoiga kosini kwenye nukta moja: thamani ileile, mteremko uleule, mpindo uleule, na kuendelea. Brook Taylor alichapisha kanuni hii mwaka 1715, ingawa wanahisabati wa Kerala, India, walikuwa na mifululizo ya sini na kosini kabla yake. Kwenye 0, kosini ni 1, na derivativu zake (mteremko, kisha mteremko wa mteremko, na kuendelea) zinafuatana hivi: 0, −1, 0, 1. Kila moja igawe kwa fakitoriali ya nafasi yake (ya 4 ni 4×3×2×1 = 24), kisha izidishe kwa t yenye kipeo cha nafasi hiyo:

cos t = 1 − t²/2 + t⁴/24 − t⁶/720 + …

Fakitoriali imetoka wapi? Tafuta derivativu ya t⁴ mara nne mfululizo: unabaki na 24. Tunaigawa mapema ili isitusumbue.

Hatua ya 3. Kata baada ya t². Unabaki na Rt²/2, yaani mita 502.

Hatua ya 4. Hapa ndipo wengi huweka kalamu chini, na ndipo penye utamu. Umetupa nini? Alama zinapishana na vipande vinazidi kuwa vidogo, basi kosa haliwezi kuzidi kipande cha kwanza ulichokitupa: Rt⁴/24. Piga hesabu. Milimita 6.6! Ukikosea umbali wenyewe kwa kilomita 1 tu, jibu linahama karibu mita 13. Tena hewa nayo huupinda mwanga na kuuinua mlima kidogo machoni. Kipande cha tatu hapa ni cha kujifurahisha.

MASWALI

— Shikamoo mwalimu. Mimi nimepata kilomita 1,651. Mlima umeenda wapi?

Marahaba. Umeweka 0.72, hizo ni digrii. Derivativu ya sini inakuwa kosini pale tu pembe inapopimwa kwa radiani (urefu wa tao kugawa kwa nusu kipenyo, kama 80/6371 yetu), na mfululizo wote umejengwa juu ya hilo.

— Mkuu, kwa hiyo ukiongeza vipande lazima ulikaribie jibu?

Kwa kosini ndiyo, hata t iwe kubwa vipi, maana fakitoriali mwishowe huzishinda mbio nguvu zote za t. Logi asilia ina masharti:

ln(1+x) = x − x²/2 + x³/3 − …

Weka x = 2 ukitafuta ln 3, ujumlishe kipande kimoja kimoja: 2, kisha 0, kisha 2.67, −1.33, 5.07. Umeona inavyoyumba? Jumla hutulia kwa x iliyo juu ya −1 na isiyozidi 1. Kwa ln 3 pitia mlango wa nyuma: 2(y + y³/3 + y⁵/5 + y⁷/7 + …), y ikiwa 1/2, maana hiyo ni ln ya (1+y)/(1−y), na hapo inakuwa 3. Vipande vinne vinakupa 1.0981, jibu halisi ni 1.0986.

— Na jumla ikishatulia, ndiyo tayari ni fanksheni yetu?

Swali zuri, dada. Si lazima. Chukua e^(−1/x²), na pale x = 0 ipe thamani 0. Derivativu zake zote pale ni 0, hivyo mfululizo wake ni 0 + 0 + 0 … Unatulia bila shida yoyote. Sasa pima kwenye x = 1: fanksheni ni 0.368, mfululizo bado ni 0.